Kura Zilizoharibika

Matokeo ya jimbo la Bulyamanga mtayakuta wilayani,
yamegongwa mhuri, yamefungwa kwa uzi.
Mimi niliyehesabu, Shule ya Msingi Nyamahona, darasa la tatu,
nimebaki na zile zilizowekwa kando.

Mara yangu ya kwanza walisimama wawili, wa chama kimoja,
huyu jembe, huyu nyumba.
Wakulima wa pamba wakaulizana foleni nzima:
tukichagua jembe tulale wapi,
tukichagua nyumba tule nini?
Lushinge wa jembe alipata mia tatu na tisa,
mwenzake mia na themanini na mbili.
Karatasi moja ilikuwa na alama kote kuwili,
kalamu imekandamizwa mpaka imetoboa.
Msimamizi akasema, huyu hakuelewa.
Nikaandika: imeharibika, moja.

Lushinge alikuwa ameahidi gati.
Ziliteremshwa nguzo nne, zikasimikwa majini,
mnandi wakapata pa kuanikia mbawa.
Akaja Ngasa wa nyumba, naye akaahidi gati.
Furu wakaadimika, sangara wakajaa,
malori ya barafu yakachimba barabara,
na gati likaahidiwa tena, safari hii
likiwa limechapwa kwenye fulana.
Fulana zile zilidumu. Nyingine mpaka leo
zinaziba matundu ya mitumbwi.

Vyama vilipokuwa vingi
akatokea Mbuke Lukelesha, binti wa karani wa ushirika,
akapita mwalo kwa mwalo na baiskeli ya kuazima.
Hakugawa chumvi. Hakugawa kitenge.
Alikuwa na daftari, anaandika anachoambiwa,
kisha anamsomea aliyesema, kuhakikisha.

Usiku ule tulihesabu kwa karabai inayokohoa.
Wakala mmoja alishalala, shavu juu ya dawati.
Mbuke alishindwa kwa kura kumi na moja, jimbo zima.
Zilizoharibika, kituoni kwangu tu: arobaini na nne.

Nilizisoma. Hakuna aliyenituma.
"Maji."
"Nyanzala wangu alizama tukivuka. Gati liko wapi?"
Mchoro wa samaki, mzuri, mpaka magamba.
"Namtaka mama wa baiskeli,"
nyuma ya karatasi, kwa mwandiko ninaoujua,
ile g inayoburuta mkia chini ya mstari,
niliyoisahihisha mwaka mzima isinyooke.
Kumi na saba zilimtaja Mbuke.
Kwa jina, kwa sentensi, nyingine na nukta mwishoni.
Kanuni ilitaka alama ya vema, ndani ya chumba chake,
na maneno yasiwepo.

Vema.
Miaka yote ile vema ilikuwa yangu,
wino mwekundu, daftarini mwao.
Wao waliandika, mimi nikaweka vema.
Sijui nani angewaambia
kwamba siku moja mambo yangegeuka.

Nilijaza fomu. Nikasaini.

Baadaye jimbo likakatwa mara mbili,
mpaka ukapita kati ya shule na vyoo vyake;
watoto wakawa wanaomba ruhusa
kwenda jimbo la pili.
Kisha ukaja mwaka mgombea alipita bila kupingwa.
Mimi nilikuwa nimeshastaafu, lakini nilikwenda,
nikakuta darasa limefungwa, mbuzi barazani,
na ubaoni, kupitia dirisha, hesabu za kujumlisha
zisizomhusu mtu.

Nguzo zimebaki tatu.

Ijumaa nilishuka mwaloni kununua dagaa.
Mbuke ndiye alikuwa akiwageuza kwenye chanja,
miwani imefungwa kwa uzi wa nyavu.
Akanipimia kopo, akaongeza kiganja.
"Mwalimu," akasema, "kumi na moja tu!"
akacheka, kama anayekumbuka mvua ya zamani.

Nilikuwa na ile kumi na saba mdomoni.
Nikauliza bei ya wale wakubwa.