Nani Kawaalika

Walianza wawili, mwezi wa Rajabu,
wakakaa juu ya ndara za Harithi
kama wadai waliokuja na hati.
Kufika Shaabani sikuhesabu tena.
Baraza nzima inaruka.
Thurea, miaka sita, havuki kizingiti
ila abebwe, macho kayafumba.

Waliosema kelele za chura
hazimzuii ng'ombe kunywa maji
hawakulala Ibra, chumba cha mbele,
zamu ya falaji ikipita usiku wa manane
na vyura mia mbili wakiitikia.
Ng'ombe atakunywa, sawa.
Mimi nilale lini?

Harithi akaleta chumvi, gunia zima.
"Nyunyiza. Asubuhi utafagia."
Bi Zuwena akachungulia juu ya ukuta,
hina mbichi mkononi:
"We mwana, chura anakunywa kwa ngozi.
Hiyo ni kumchoma angali hai,
na mnanaa wako utamfuata kaburini.
Jiulize kwanza, nani kawaalika?"

Nikakasirika.
Kisha nikatoka na tochi
kuitafuta kadi ya mwaliko.

Ilikuwa chini ya dirisha: kiyoyozi,
tone, tone, tone, tangu joto lianze,
kimechimba kidimbwi kama sahani ya pilau.
Ilikuwa katika bakuli la paka,
katika tairi bovu lililoshika maji,
katika ufa wa ngazi, baridi kama mtungi,
katika majani ya mbuzi yaliyonifika magotini.
Na juu ya yote, ile taa nyeupe,
fahari ya Harithi, yaonekana hadi barabarani:
nondo, panzi, mbawakawa,
sinia limetandazwa,
na mwashaji ni mimi.

Siku tatu, alasiri jua likilegea,
tuliziba ufa kwa udongo na kokoto za wadi.
Kiyoyozi tukakifunga mpira,
tone likaingia ndooni, ndoo ikaenda kwa mlimau.
Majani tukayakata, mbuzi wa Bi Zuwena wakafaidi.
Tairi likatupwa. Bakuli la paka likalala jikoni.
Waliobaki niliwazoa kwa kizoleo,
nikawapeleka mmoja mmoja falajini, kwao,
Thurea akishika tochi,
kwa mbali, lakini akishika.

Taa tukazima.

Hapo ndipo palikuwa pagumu.
Baraza bila taa, watu watadhani tumefiwa.
Usiku wa kwanza tulikaa kama abiria wasiojuana,
buli la kahawa katikati,
kokwa za tende zikilia sahanini.
Ndipo Harithi, kwa kuwa sikuuona uso wake,
akasema ile kazi ya ghalani imekwisha,
imekwisha tangu kabla ya chura wa kwanza,
na kila alfajiri huendesha gari
hadi kituo cha petroli
akakaa.

Sikuwa na neno. Nikammiminia kahawa,
nusu ikaingia kikombeni.
Kule mitendeni wale mia mbili
wakaendelea na mjadala wao.

Hawajahama wote. Yupo mmoja
chini ya chungu cha mrehani,
mnene, macho ya dhahabu, hasemi.
Thurea ameamuru asiguswe,
anakula mbu.

Ndoo ya kiyoyozi hujaa mara mbili kwa siku.
Anayeimwaga sasa ni Harithi.