Kituo Hakina Bafu

Mimi Koplo Semgaya naandika vizuri.
Mwalimu wangu kule Muheza alinichapa mpaka herufi zikanyooka,
na kwa mwandiko huu nimekalia kaunta miaka tisa
hapa Ngamiani, nikiandika yaliyotokea
na, Mungu anisamehe, yasiyotokea.

"Aliteleza bafuni."
Hilo nimeliandika mara kumi na nne.
Kituo chetu hakina bafu.
Kina ndoo, na bomba la uani linalokohoa maji Jumanne.

Halafu tukaletewa Bi Mwanaidi Shekalaghe,
mkaguzi asiye na gwanda, miwani imefungwa uzi,
na barua yenye muhuri: saa yoyote, mlango wowote.
Alikuja saa tisa usiku. Akaomba funguo, chai akaikataa.
Akahesabu watu, akahesabu majina.
Watu saba. Majina matano.
Akaniuliza taratibu, kama anayeuliza bei ya nazi,
"Hawa wawili, koplo, hawajazaliwa?"

Tukanuna.
Sajenti Hozza akasema mkono unaochungwa
bora ukae mfukoni,
basi mikono yote ikakaa mifukoni.
Doria ikawa inaishia kwa muuza kahawa, Barabara ya Nane.
Na mji wetu huu ni mji wa baiskeli:
mwezi ule ziliibwa thelathini na moja,
Foniksi nyeusi za wazee,
na ya muuguzi wa Bombo, aliyeachiwa kufuli tu kwenye nguzo.
Tulifurahi, sifichi. Tulizihesabu kama mabao ya Coastal.
Tukamwonyesha: "Unaona, mama?
Ukimvisha paka kengele, panya wanapiga ngoma."

Akaliandika hata hilo.
"Paka nimemkuta amelala," akasema.
"Kengele haifungwi miguuni."

Mwezi wa tatu akaingia mama lishe wa Makorora,
mama yake Mbaruku,
yule aliyetoka kwetu hasikii tena sikio la kushoto.
Mwanamke huyu alikuwa akizunguka mtaa mzima
ili asipite mbele ya bendera yetu.
Akasimama kaunta, mkoba kifuani kama ngao.
Baiskeli, akasema, zinafunguliwa kwenye yadi ya Mikanjuni,
zinapakwa kijani, zinakwenda Horohoro chini ya magunia ya vitunguu.
Amelijua hilo tangu mwaka juzi.

"Mbona hukusema?"

Aliutazama ukuta wa mahabusu.
"Kwa nani?"

Fomu haina nafasi ya swali la mlalamikaji.
Nililiandika hivyo hivyo, likapanda juu ya mstari.

Tuliwakamata wanne. Hozza alinyanyua kiganja,
akautazama mlango. Hapakuwa na mtu mlangoni.
Kiganja kikaenda kujikuna kisogo.
Wawili walisema wenyewe, mmoja alinyamaza,
wa nne tukamwachia, ushahidi haukutosha;
zamani angekiri hata kuiba reli ya Mjerumani.

Sasa mnaniuliza: uhalifu umepungua?
Daftari limenenepa.
Mkuu wa kituo anasema wezi wamezidi.
Bi Mwanaidi anasema waliozidi ni wanaosema.
Mimi naona kalamu zinakwisha haraka,
na baiskeli yangu bado naifunga kwa minyororo miwili.

Mkataba wake unakwisha Juni.
Hakuna anayejua kama atakuja mwingine,
na Hozza ameanza tena kupiga mluzi.

Jana, saa tisa usiku, nilihesabu mwenyewe.
Watu sita, majina sita.
Nikafungua daftari la zamani, ukurasa wa Mbaruku.
Kufuta haturuhusiwi.
Nikaandika pembeni, herufi zimenyooka,
tarehe, cheo, sahihi yangu kamili:
kituo hakina bafu.