Kutu, Sehemu ya Tatu

Sehemu ya kwanza tuliicheza kwa Chitanda,
Mkuti, nyuma ya mashine ya kusaga,
shilingi mia kwa dakika kumi,
unga ukitua juu ya kioo
hata sayari zote zikawa na vumbi moja.
Nnunduma, kaka yangu, alikuwa nahodha.
Mimi nilipewa padi ya pili.
Nilibonyeza mpaka kidole gumba kikaota sugu,
nikipigana na Kutu, ile inayokula nyota
kama mchwa alavyo fremu ya mlango,
na kila chombo cha adui kilipopasuka
nilipiga kelele: changu hicho!
Miezi minne ilipita kabla sijaufuata waya kwa mkono,
nikaukuta umeishia chini ya benchi,
umefungwa fundo,
haujachomekwa popote.

Sikulia. Nilimng'ata.

Sehemu ya pili ilikuja mwaka ule korosho zilipopanda bei,
watu wakanunua pikipiki kabla ya kujua kuendesha
na kuku wa Mkuti wakajifunza kuvuka barabara.
Nnunduma alinunua mashine nzima
na kadi ya kumbukumbu, ndogo kuliko kiberiti.
Akasema: Somoe, humu hakuna kinachosahaulika.
Uliyemwacha hai leo, utamkuta kesho.
Uliyemwacha nyuma, vilevile.
Safari hii waya wangu ulichomekwa. Nilikagua.
Tukagombana juu ya fundi mmoja wa meli,
mkono mmoja, hata jina hakupewa,
amekwama kwenye mwezi unaoungua.
Mimi nikasema mwache, mafuta hayatoshi.
Yeye akageuza meli.
Tulipoteza nusu ya jeshi kwa ajili ya yule fundi,
nami nikanuna mpaka wakati wa futari.

Kisha akavuka Ruvuma kufuata mawe mekundu, Montepuez.
Simu ya mwisho ilikatikia kwenye "nita".
Miaka sita.
Mama bado analitafuna neno hilo, analijaribia mikia:
nitarudi, nitatuma, nitapiga.

Jana usiku sehemu ya tatu, ya mwisho, ilishuka na basi
imefungwa gazetini, katikati ya vitenge vya watu.
Banda sasa ni langu. Nimewafukuza watoto,
nimetia komeo, nimeichomeka kadi ile.
Mashine ikafikiri.
Ikafikiri.
Halafu ikaandika: karibu tena, nahodha,
bila kujua ni nani aliyeketi.

Nimepigana tangu adhuhuri.
Sayari ya mwisho ina majabali meusi, kila moja na upweke wake,
kama haya yetu yaliyoizunguka Masasi,
nikajua pa kujificha pasipo kufundishwa.
Na pale mlangoni mwa moyo wa Kutu,
injini imekufa, askari wamekwisha, mafuta tone,
akatokea yule fundi wa mkono mmoja.
Nywele zimekuwa nyeupe. Kumbe hata mle ndani watu wanazeeka.
Akasema: ulinirudia.
Akajipenyeza kwenye injini na spana yake,
na meli ikanguruma.

Nikaweka padi chini kidogo.
Mimi ndiye niliyesema aachwe.

Nikamaliza. Kutu ikapukutika kama magamba.
Majina yakaanza kupanda kwenye kioo, mamia kwa mamia,
ya watu wa nchi nisizozijua, waliochora, waliopiga hesabu, waliopika chai,
nikayasoma yote
kama mtu asomaye orodha ukutani Mkomaindo,
kidole juu ya kioo, jina baada ya jina,
mpaka kukawa cheusi kitupu.

Mlangoni wanagonga: Anti, umeshinda?
Nimefungua.
Ingieni. Mia mbili, dakika kumi.
Nyaya zote zimechomekwa.
Kagueni.