Kandambili

Tiketi elfu kumi na tano, miwani ya plastiki,
bisi kwa bei ya kilo nne za sembe.
Joka likatoka ukutani, kila gamba limepigwa msasa,
moto wake ukanipita sikioni,
mji mzima ukaporomoka, ghorofa kwa ghorofa,
na mimi, Mungu anisamehe,
nawaza kama nilifunga bomba la uani.

Sikujua joka lile linamtafuta nani,
wala yule aliyeungua aliacha nini jikoni.

Mburahati, kwenye banda la Mwinshehe,
tulilipa mia mbili, tukakalia kreti za soda.
Runinga ilikuwa na ugonjwa wa kijani:
watu kijani, damu kijani, hata usiku kijani.
Jini lenyewe mtu kavaa shuka,
saa ya mkononi inaonekana.
Tukacheka mpaka kreti zikalia.

Kisha mlango ukafunguka, hapana mtu.
Kandambili moja tu kizingitini,
ya mtoto aliyezikwa asubuhi,
imelowa.
Mwinshehe, aliyekuwa akitutafsiria kwa kipaza sauti,
akanyamaza.
Halafu, si kwa sauti yake ya kazini:
“Mama yake anaiokota. Anaifuta matope.
Anaiweka pembeni ya mwenzake.”

Leo nimetoka sinema masikio yakivuma;
joka nimelisahau kabla ya Ubungo.
Lakini Kigogo mvua ilikuwa imenyesha,
na pale mlangoni kwangu, gizani,
nimeinama na tochi ya simu
kuhesabu viatu vya wanangu,
mara mbili.