Kichupo cha Pili

Programu yenyewe haina mwenyewe,
au ina wenyewe wengi mno:
mmoja anarekebisha saa, mwingine anachora vikaragosi,
mimi, hapa Ostrava, ghorofa ya nne,
natafsiri maneno ya vitufe,
na usiku, wanangu wakilala, naziba mianya.
Msimbo wake u wazi. Ukitaka kuuona, fungua;
ukikuta kosa, usininunie, rekebisha.
Hatulipwi. Tunagombana sana.

Kazi yake ni hii: mitandao haisemezani.
Huyu ana itifaki yake, yule ana yake,
kila kampuni imejenga ukuta ikaweka bawabu,
nasi tumekaa katikati kama mkalimani wa mahakamani
ambaye hakuna anayemuuliza yeye anaamini nini.

Bi Drahomíra wa ghorofa ya pili
aliendesha tramu miaka thelathini na moja.
Ana wana wawili wasiopeana hata salamu
tangu baba yao afe na kuacha kijumba kimoja cha mbao mlimani,
na funguo mbili.
Vlastimil, wa Plzeň, yuko kwenye mtandao wa ua la kijani.
Zbyněk, wa Halifax, aliuhama makusudi
asije akaona hata jina la ndugu yake likiwaka.

Nilimwekea programu yetu Jumapili moja.
Akavaa miwani, akaitazama orodha:
wana wawili, mmoja chini ya mwenzie,
nukta ya kijani, nukta ya kijani,
kama walivyolala utotoni, huyu kitanda cha juu, huyu cha chini.
"Hawajui kwamba wako hapa pamoja?"
Nikasema hapana, kila mmoja anakuona wewe tu.
Akaenda jikoni, akarudi na keki ya plamu,
akanikatia kipande kikubwa kupita kiasi.

Nilimwonya kuhusu vichupo.
Kila mazungumzo yana chake, mama,
tazama jina kabla ya kubonyeza.
Lakini tramu haina usukani.
Miaka thelathini na moja reli ndiyo iliyoamua.

Februari, Vlastimil akaandika:
paa la mlimani limebonyea kwa theluji,
nitapanda Jumamosi, usimwambie yule.
Naye akajibu kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi:
Upande paa na goti kama hilo? Umesahau upasuaji?
Akabonyeza.
Ikaenda Halifax.

Alipanda ngazi na soksi tu, akagonga mlango wangu.
Maji yakimwagika hayazoleki,
na itifaki ile, naijua, haina amri ya kufuta.
Tukashuka. Tukasimama mbele ya kioo.

Zbyněk anaandika.
Zbyněk ameacha kuandika.
Zbyněk anaandika.

Halafu kimya, kirefu,
nikasikia jokofu lake likikoroma.

Goti lina nini?

Bi Drahomíra akavuta kiti.
"Sogea," akaniambia, "unanizibia taa."

Juu kwangu kulikuwa na mistari arobaini
niliyoiandaa kwa ajili ya toleo lijalo:
kisanduku kidogo kinachojitokeza na kuuliza,
Una hakika unamtumia huyu?
Watu wengi walikuwa wamekiomba, kwa adabu na bila adabu.
Nikakikodolea macho mpaka tramu ya mwisho ikapita,
kisha nikazima.

Wakiniuliza, nitasema bado kina hitilafu.