Dakika ya Kumi na Nne

Imekatika tena.
Taa ya buluu, ndogo kama punje ya mtama,
imepepesa mara mbili, ikafa,
na kompyuta ikanisuta kwa maneno yaleyale:
kifaa kimeondolewa bila utaratibu.
Nani kakiondoa? Mikono yangu yote miwili
imeshika kikombe cha kahawa.

Ni dakika ya kumi na nne. Daima hapo.
"Mwenye duka la vitambaa, riali sita, mpeni.
Ghania asinidai bangili, anazo mwenyewe, kasahau.
Na huyu wa mwisho, huyu—"

Kimya.

Arubaini ya Shangazi Shinuna imepita,
na deni la maiti halilali.
Ndugu wanapiga simu kutoka Nizwa, kutoka Sur:
umefika wapi na hiyo diski?

Nimebadilisha waya.
Wa kwanza shingo ilikuwa imevunjika.
Wa pili nimeazima kwa Hilal.
Nimehama tundu la mbele, la nyuma, la pembeni,
nimeikataza kompyuta kusinzia,
nimeikataza kubana umeme kama bahili.
Haikusikia.

Nikaipeleka Ruwi, kwa Shaji, mtu wa Kerala.
Akaiweka sikioni kama daktari.
Kwake ikakaa saa nzima haijakatika,
kama mtoto mtundu aliyekwenda ugenini.
"Haigongi, haikwaruzi," akasema kwa Kiarabu cha sokoni.
"Diski nzima. Mgonjwa ni nyumba yako.
Isikilize hapa, basi."
Nikamwambia wasia hausikilizwi dukani.
"Nakili kwanza," akanishika mkono,
"kulia baadaye."

Nikarudi Maabela. Agosti.
Maji ya bomba baridi yanaunguza.
Nikakaa na daftari, naandika kila ikikatika:
saa tatu na dakika kumi na mbili,
saa tatu na thelathini na moja,
saa nne kasoro kumi.
Mara ya nne sikuitazama diski. Nilitega sikio.

Nje ya dirisha, kompresa ya kiyoyozi ikakohoa,
globu juu yangu ikafifia kiasi cha unywele,
na punje ya buluu ikazimika.

Ndipo nilipocheka peke yangu, kicheko kibaya.
Kwani rekodi hii huanzaje?
Mara ishirini nimeisikia, mara ishirini nimeiruka:
"Zima kwanza hilo dude, mwanangu,
linanikata maneno."

Nikalizima.
Thuraya akanitazama, akakusanya watoto,
akaenda zake kwa mama yake Al Khoudh.
"Baki na shangazi yako," akasema mlangoni.
Nikabaki. Fulana nikavua,
jasho likadondoka kwenye herufi,
asilimia tisa, asilimia thelathini,
asilimia sitini na moja ikasita nami nikasita,
ikaendelea.
Feni nayo sikuthubutu kuiwasha.

Saa nane usiku nilikuwa na nakala mbili
na sikuwa na kisingizio.

"Na huyu wa mwisho, huyu Mundhir wa Raya.
Huyu simdai mimi, wala hanidai,"
akakohoa, akanywa kitu,
"yaani, alikuwa nazo zangu, mia mbili na arubaini,
za lile gari lake la kwanza.
Nishamsamehe zamani.
Msimwambie. Ataona haya."

Halafu kiti kikaburuzwa, mlango,
na sauti yangu mwenyewe, ya miaka minne nyuma:
"Tayari, shangazi? Niwashe AC?"

Nikabonyeza kitufe cha kuitoa kwa salama.
Taa ikazimika polepole, kwa ruhusa.
Joto lilikuwa limejaa chumba hadi kwenye mapazia
na sikuinuka.

Alfajiri Hilal akapiga.
"Umesikia?"
"Nimesikia."
"Wa mwisho ni nani? Tumlipe, yaishe."

Nikautazama waya mezani, umejikunja.
"Hilal," nikasema, "huu waya wako
nitakurudishia leo."