Stakabadhi

Kenora, mwezi wa sita, ukumbi wa mpira wa barafu.
Barafu imeyeyushwa, sakafu yanuka raba na maji ya jana.
Meza tatu, bendera moja, sanduku la noti,
na Sajenti katika koti jekundu la sherehe,
anatoka jasho kimyakimya.
Kazi yangu kuhesabu: dola tano, dola tano, dola tano,
kila mwenye kadi, kila mwaka,
tangu mababu walipochora msalaba mahali pa sahihi
wakaambiwa: maadamu jua lachomoza, maadamu mto wapita.

Jua limechomoza.
Mto umewekewa bwawa, umeuzwa umeme, na bado wapita.
Tano imebaki tano.
Haitoshi kahawa na mkate hapo ng'ambo ya barabara;
nimejaribu.

Wengine huipokea kwa mzaha, wakapiga picha na Sajenti.
Kijana mmoja aliomba chenji.

Saa tano ikafika zamu ya Ardelle Kejick,
mfupi, koti la mvua la kijani, miwani imefungwa uzi.
Nikampa noti. Hakuondoka.
Akatoa mkobani kitabu cha stakabadhi,
kile cha dukani chenye karatasi ya kaboni,
akaandika polepole:

Imepokelewa kutoka kwa: Serikali.
Kwa ajili ya: kodi ya pango.
Kiasi: dola tano.
Baki:
hapo akasita, akatazama nje ya mlango,
reli, kiwanda kilichofungwa, ziwa lote na visiwa vyake,
akaandika: tutazungumza.

Bwana Lindqvist, mkubwa wangu, akaja na tabasamu la ofisini.
"Mama, hii ni meza ya malipo tu.
Fomu haina safu ya stakabadhi."
"Najua. Fomu mliichapa ninyi.
Tukitaka kuchimba kisima, twaandika barua.
Tukitaka watoto wasome kwa lugha yao, barua.
Inakwenda Ottawa, inarudi na barua nyingine tumboni.
Mpangaji gani huyu
anayempa mwenye nyumba ruhusa ya kufungua dirisha?"

Foleni ikanyamaza.
Kisha mtu akacheka, si kwa furaha.

Akanigeukia mimi, akasoma jina langu kifuani,
Sadala, bila kulivunja.
"Unakaa wapi?"
"Chumba cha juu, nyuma ya duka la rangi."
"Unalipa?"
"Kila tarehe mosi."
"Basi wewe unaelewa."

Kwetu husemwa: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hawakunifunza ni siku ya ngapi
mgeni humpokonya mwenyeji jembe
akaanza kumhesabia yeye siku.
Mwezi wa tatu niliinua mkono mbele ya hakimu, nikaapa uraia.
Mikataba hii imo ndani ya kiapo.
Niliitamka mbio, nikiwahi picha.

"Itupe," alisema Lindqvist, akienda kufunga bendera.

Jioni tukafunga hesabu. Noti zikatimia, hata moja haikupungua.
Karatasi moja tu haikuwa na pa kukaa.
Nimeilaza kwenye droo yangu, juu ya zile za mwenye nyumba:
kodi kwa kodi, mwandiko kwa mwandiko.
Zangu zote zimeandikwa chini, kwa wino mweusi:
baki, hakuna.